Nyoka wa Duka Langu

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa msimu wa pamba ambao hadi leo sijausahau. Nilikuwa binti bado, nimefungua duka la dawa pale Lagangabilili, nauza za homa, za minyoo na bandeji. Nikataka duka liwe na nembo kama ya mjini. Fundi wa mabango akanichorea nyoka wa kijani aliyejizungusha kwenye kikombe, ulimi nje. Nikamuuliza maana yake.

"Ndiyo alama ya dawa, dada. Wasomi wote wanaijua."

Wasomi, sawa. Ila wateja wangu walikuwa na maana zao. Mzee mmoja aliitazama, akauliza nyoka huyo anaumwa nini. Mwenzake akamjibu kwamba haumwi, ndiye daktari mwenyewe, mimi nauza tu. Wengine waliulizana kama nimeolewa kwa wale wanaocheza ngoma na nyoka. Nikacheka nao, maana waliokuja kucheka hawakuondoka mikono mitupu. Hata mama mmoja aliponiuliza kwa dhati dawa ya nyoka ni bei gani, nilicheka, nikamwacha aende bila kumweleza. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki haikuisha. Mchana huo Mzee Masanja, mkulima wa vijiji vya ndani, alifika akisukuma baiskeli, mkewe Kabula amekaa nyuma. Nyoka alikuwa amemuuma wakivuna pamba. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini.

"Mayu, toa dawa haraka," alisema. Aliniita mama kwa Kisukuma, ingawa nilikuwa sawa na binti yake.

"Dawa gani, baba?"

"Ya nyoka! Tumeipita zahanati, tumekuja kwako."

Akanyoosha kidole kwenye bango.

"Baba, sina. Ile ni nembo tu."

"Nembo ni nini?"

Mkewe alikuwa anatapika kwenye ngazi zangu. Nilikimbia barabarani nikasimamisha bodaboda. Tukamkalisha Kabula katikati, nikamsihi Masanja wasiuchanje ule mguu wala kuutikisatikisa, wakaondoka kwenda hospitali Bariadi. Mimi nikabaki nimeshika baiskeli yao.

Kabla jua halijazama nilipanda kwenye kiti nikampaka yule nyoka rangi nyeupe. Siku mbili sikupata habari. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka, nilidhani imeleta msiba. Mtu wa minyoo nilimpa dawa ya kikohozi; bahati yake alijua kusoma, akanirudishia.

Siku ya tatu nilimwona Masanja anakuja peke yake.

"Leo asubuhi amekunywa uji," alisema. "Daktari anasema tungechelewa kidogo tu..."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaangalia lile bango jeupe, akatikisa kichwa.

"Mimi sikwenda shule, mayu. Nilimsoma nyoka."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akachukua baiskeli yake akaenda. Kabula alipona, ila mguu ule aliuburuta kwa miezi.

Sasa wewe umenitumia kwenye simu nembo ya biashara yako ya vifaranga: simba mwenye mabawa. Umeniuliza kama inapendeza. Inapendeza sana, mwanangu, lakini mimi ningedhani vifaranga wameshaliwa. Nembo ni neno ulilompa mtu ukiwa hupo. Yeye ndiye atakayelisoma, kwa macho aliyonayo, na anaweza kufunga safari kwa kuliamini. Basi kabla hujaipaka ukutani, ipeleke sokoni. Mwonyeshe mtu asiyekujua, mwonyeshe na asiyejua kusoma, umuulize anadhani unauza nini. Akikosea, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Mweleze vizuri, kisha rudi ukachore upya.

Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, akuletee wateja wanaokuamini, na akuepushe kumwambia "sina" mtu aliyepita milango mingine akikimbilia kwako.