Tarakimu Sita Kwenye Namba ya Mama

Kitochi changu cha kwanza kilidumu miaka saba. Kiliwahi kuanguka kwenye ndoo ya maji, nikakifukia kwenye mchele siku mbili, kikaendelea na kazi. Hakikuwahi kuniuliza swali lolote. Hizi simu kubwa za sasa zinauliza kama polisi: Unakubali? Ni wewe kweli? Una uhakika? Nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na mara nyingi nipo katikati ya kupima kitambaa cha mteja, simu inalia kuniambia nafasi imejaa. Imejazwa na nani? Nikifuta picha kumi, inajisasisha yenyewe usiku na kuniletea vikorokoro ambavyo sikuagiza.

Hayo nayavumilia. Ijumaa ile sikuvumilia.

Mdogo wangu wa mwisho alikuja dukani saa saba mchana, jasho linamtoka. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Barua ya chuo ilikuwa kwenye barua pepe yake. Simu yake ilikuwa imekufa, nikamnunulia nyingine ya mtumba, na hiyo ikakataa kumfungulia barua pepe.

"Dada, inasema imetuma tarakimu sita kwenye namba ya mama."

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule, nikaanza kuuza mapazia. Barua pepe ile ilifunguliwa miaka kadhaa baadaye, mdogo wangu akiwa darasa la saba, na tuliiandikisha kwa laini ya mama kwa sababu ndiyo namba tuliyoijua wote kwa kichwa. Laini yenyewe niliitunza kwenye droo, ndani ya leso, kama hati ya kiwanja. Hakuna aliyeniambia kwamba laini isiyotumika hufungwa na kupewa mtu mwingine.

Nikapiga. Kwenye kioo pakaandikwa "Mama", kama nilivyoihifadhi. Ikaita. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Haloo?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Samahani mama, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako, naomba unisomee..."

"Matapeli nyie! Juzi mmenipigia mjukuu wangu kalazwa, leo tarakimu! Mchana kweupe, na shikamoo juu!"

Akakata. Nikapiga tena. "Rudisha marahaba yangu," akasema, akakata.

Sikuweza kumlaumu. Ukutani dukani kwangu nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: usimsomee mtu namba za siri, hata akilia. Waliotengeneza hiki kitu walifikiria kila aina ya mwizi, ila mwenye namba kufa hawakulifikiria.

Mara ya tatu sikuomba namba. Nilisema, "Mama, niambie ulipo nikufuate. Tapeli gani anamfuata mtu?"

Safari hii hakukata. "Buguruni sokoni, kwenye nazi. Njoo na kitambulisho."

Nikafunga duka, Ijumaa, saa ambayo wateja ndio wanaingia. Tukachukua bajaji.

Tulimkuta amekaa nyuma ya lundo la nazi, kitochi kimefungwa kwenye pindo la khanga. Niliona wivu kukiangalia. Akachukua kitambulisho changu, akatazama picha, akanitazama mimi.

"Umenenepa."

"Nimenenepa, mama," nikasema, nikamweleza namba yake ilikuwa ya nani kabla.

"Kwa hiyo marehemu ni mama yenu. Kuna mwanamke yuko Lindi, kila Idi ananipigia, ananiita shoga. Nikimwambia mimi siye, anasema nimebadilika."

Mdogo wangu akacheka, kisha akajifuta macho. Tukaomba tarakimu upya, maana za kwanza zilikuwa zimeisha muda. Kitochi kikalia. Yule mama akampa mdogo wangu. "Soma mwenyewe, mwanangu, macho yangu hayaoni vidudu hivyo."

Ikafunguka. Barua ilikuwepo. Alithibitisha nafasi yake saa kumi na nusu, amesimama kwenye makumbi ya nazi, nami nimemshikia mkoba.

Simu haikuturuhusu hata kupongezana. Ikaleta swali: Je, namba hii bado ni yako? Ndiyo. Hapana.

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama nazi.

"Inasemaje tena?" akauliza yule mama.

"Inauliza kama namba bado ni yetu."

"Iambieni ni yangu, niachwe na mimi nipumue. Nyie mkitaka kunisalimia pigeni tu, ila mjitambulishe mapema."

Mdogo wangu akabonyeza Hapana.

Ikauliza: Una uhakika?

"Lete hapa," nikasema, nikabonyeza Ndiyo mwenyewe.