Nukta za Kijitabu cha Kompyuta

Kijitabu kilikuwa na kurasa sitini na mbili, na kilichapwa na watu watatu. Mimi ndiye niliyekuwa mhakiki wa maandishi pale kwenye kituo chetu cha mafunzo Kibaha, kwa hiyo lawama ya kwanza ni yangu.

Kilikuwa cha kuwafundisha watu kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo. Ilikuwa Dar es Salaam. Wanafunzi waliandika programu zao kwa penseli kwenye fomu, gari la Ijumaa likazipeleka mjini, huko zikatobolewa kwenye kadi ambazo mashine ilizisoma, na Ijumaa iliyofuata majibu yakarudi. Kila mwanafunzi alikuwa na nafasi tatu. Aliyeshindwa zote alirudishwa kwenye kazi aliyotoka.

Wachapaji wetu walikuwa mzee mmoja na wanawake wawili. Walichapa kwenye stensili, ile karatasi laini yenye nta, na nukta ikigongwa kwa nguvu iliacha tundu, wino ukavuja. Kwa hiyo mzee aliacha kabisa kuweka nukta mwisho wa mifano ya amri. Dada mkubwa kati ya wale wawili, aliyesomea misheni, aliiweka kila mahali. Yule mdogo aliiweka alipokumbuka.

"Mzee, unazibania nukta utadhani ni sukari ya mgawo," dada mkubwa alimwambia.

"Wewe zimwage tu. Stensili zikiisha utachapa kwenye kanga yako."

Tulicheka. Niliiandika tofauti hiyo kwenye daftari langu, ukurasa kwa ukurasa, lakini nilipoiona, nakala zilikuwa zimeshapigwa muhuri wa mkuu wa kituo. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba maandishi yenye muhuri hayaguswi, wala hayafafanuliwi kwa mdomo. Mwenye swali aliandika barua.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi kutoka Chole, Kisarawe. Alikuwa amewaacha watoto wake wawili kwa mama yake ili aje kusoma. Fomu zake, zenye nukta hapa na pale kama kijitabu, zilirudi mara mbili zimekataliwa bila kuonyeshwa kosa. Baada ya ile ya pili alikuja mezani kwangu na kijitabu.

"Shikamoo, ndugu. Naomba uniambie kitu kimoja. Hii nukta ni ya mashine, au ni yenu?"

Nilitazama. Ilikuwa yetu, na mashine ilikataa amri yenye nukta isiyo yake. Ulikuwa ukurasa wa dada mkubwa.

Mlango wa mkuu ulikuwa wazi. Nikasema, "Marahaba. Andika kama kijitabu kilivyo, mwalimu."

"Ukurasa huu una nukta, huu mwingine hauna, na amri ni ileile. Nifuate upi?"

"Andika barua. Utajibiwa."

"Lini? Gari linaondoka keshokutwa."

Nikajifanya napanga karatasi. Alishukuru, akaenda.

Barua aliiandika siku hiyohiyo, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimesimama sawa. Fomu yake ya tatu niliiona ikiingia kwenye gari. Alikuwa amefuata ukurasa wenye nukta. Kwa miaka mingi alikuwa amewakata watoto alama kwa kuisahau. Sijui angewezaje kuchagua ule mwingine.

Fomu ilirudi imekataliwa. Jumatatu kitanda chake bwenini kilikuwa kimeshatandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye mkuu alinipa barua ile niandae jibu, kwa kuwa kijitabu nilikijua. Niliandika ukweli: nukta mwisho wa mifano ni za wachapaji, zisiingizwe kwenye fomu. Nikaambatanisha orodha kutoka daftari langu. Mkuu aliisoma yote, akapiga mstari juu yake.

"Ukiandika hivi, wote waliorudishwa watataka kurudi," alisema. "Mwandikie azingatie kijitabu."

Nilimpelekea dada mkubwa, akachapa mstari huo mmoja, safi, bila kosa. Barua hiyo niliituma Chole, ambako mwalimu alikuwa ameshapewa darasa la tatu.