Keki ya Coralie na Kioo cha Nyuma

Tangu astaafu, kazi kubwa ya Merv Tancred ilikuwa kukaa kwenye benchi mbele ya duka la Mundaree, kijiji cha bara huko Australia, na kuwacheka wasafiri. Lami inaishia pale pale dukani. Kutoka hapo mpaka mji wa Wilton Flat ni kilomita mia tatu na kumi za changarawe na vumbi jekundu, na kila mwenye kuvuta karavani, ile nyumba ya magurudumu, husimama, akashuka, akaanza kukifunika kioo cha nyuma cha gari lake kwa kuogopa mawe. Merv alikwisha kuona kadibodi, zulia la mlangoni, godoro la mtoto mchanga, na mara moja suruali ya kulalia ya bwana mmoja wa Adelaide, imebandikwa kwa utepe wa gundi, mguu huku na mguu huku.

"Gari lina homa?" aliwauliza. "Mbona mnalifunika shuka?"

Wenzake wa benchi, Kev na Dutchy, walicheka mpaka wakakohoa. Wasafiri nao walicheka kidogo, wakaendelea kubandika.

Merv alikuwa na sababu yake ya kuvimba. Miaka thelathini na mmoja aliendesha greda la halmashauri kwenye barabara hiyo, kwenda na kurudi, akiisawazisha kila baada ya mvua. Aliijua kona kwa kona. Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani, akaitazama, akauliza kama angeweza kupewa badala yake ngozi ya kondoo iliyokuwa kwenye kiti cha greda. Wakampa vyote viwili, pamoja na debe la rangi ya njano ya greda lililobaki, ambalo alilimalizia kwenye karavani yake mwenyewe. Kumwona mtu anafunika kioo kwa kuiogopa barabara ile, kwa Merv ilikuwa ni sawa na kumwona mgeni akinusa chakula cha mkewe kabla ya kula.

Na mkewe ndiye mwenye kisa hiki hasa. Coralie hupika keki ya matunda makavu kwa ajili ya mashindano ya Maonyesho ya Wilton Flat. Msije mkadhani ni keki ya kupikwa leo ikaliwa kesho. Kila zabibu hukatwa vipande vinne kwa mkasi. Pembe ziwe kali, juu pawe tambarare, na chini pasiwe na alama hata moja ya waya wa kupozea, maana majaji huigeuza na kuitazama kwa miwani. Miaka saba mfululizo Coralie alishika nafasi ya pili, nyuma ya Una Pfeiffer, mwanamke mpole ambaye Coralie humsalimia kwa adabu na hamwombei mabaya, ila moto wa jiko lake uzime kidogo tu.

Mwaka jana keki ilitoka vizuri kuliko zote. Haikuwezekana kuiweka ndani ya karavani, kwa sababu karavani hucheza njia nzima, basi ilisafiri nyuma ya gari, kwenye boksi lake, chini ya kioo. Kilomita ya mia mbili kioo kikapasuka chote. Vumbi likavutwa ndani kwa dakika moja, na vipande vya kioo vikakaa juu ya keki kama lozi za mapambo. Coralie hakulia. Alisema, "Haya," akafunga boksi.

Merv alieleza kwamba lilikuwa ni lori. Lilipita kwa kasi kutoka mbele, likarusha jiwe, likatokomea. Mundaree nzima inalijua lori hilo. Mwanzoni, katika masimulizi yake, lilikuwa na matela mawili. Kufika Krismasi lilikuwa na manne na dereva mwenye ndevu.

Mwaka huu, Jumatano ya wiki ya maonyesho, Coralie alikuwa akiifunga keki kwa karatasi alipomwambia mumewe, bila hata kugeuka, "Nimeomba lifti kwa Glenys."

Glenys ndiye mwenye posta. Gari lake hufunikwa kadibodi nyuma mwaka mzima, hata likienda kanisani.

"Lifti?" Merv aliweka kikombe chini. "Kor, miaka arobaini na minne ninakuendesha mimi."

"Najua, mpenzi."

"Sasa Glenys wa nini? Huyo hata kurudi nyuma hawezi!"

"Kioo chake kimefunikwa."

"Lakini kile cha mwaka jana kilivunjwa na lori! Kadibodi ingezuia lori?"

"Ndiyo," alisema Coralie. "Lori." Akachukua kapu, akaenda kuanua nguo.

Merv alibaki jikoni peke yake na roho ikimuuma. Kukatwa mguu kungekuwa nafuu. Akatembea huku na huku, akanyanyua hiki na kile, mpaka akafika dirishani ambapo Coralie huweka karatasi ya mapishi ya keki. Juu ya karatasi palikuwa na jiwe la kuizuia isipeperuke, jiwe jekundu la ukubwa wa yai, ambalo lilikuwa hapo mwaka mzima bila Merv kulitazama. Akalinyanyua. Kwenye ncha yake moja palikuwa na doa la rangi, na kwenye nyufa zake palikuwa na kitu cheusi kilichokauka. Akakinusa. Zabibu.

Ile rangi hakuwa na haja ya kuinusa. Ilikuwa njano ya greda, ile ile ya karavani yake.

Merv akakaa chini. Kila mtu aliyewahi kuvuta kitu kwenye changarawe anajua mambo haya, na yeye aliyajua kuliko wote. Jiwe likirushwa na gurudumu lako la nyuma haliendi mbali. Linagonga uso wa karavani yako inayofuata, linarudi kwa nguvu zile zile, na kinachosubiri pale ni kioo chako. Kadiri unavyokanyaga mafuta, ndivyo linavyorudi na hasira. Siku ile walichelewa kuondoka kwa sababu yeye alikaa sana kwenye benchi, na alikuwa akikimbia kilomita mia kwa saa. Mara tatu Coralie alimwambia, "Punguza, Merv." Hapakuwa na lori. Palikuwa na mbonyeo kwenye pua ya karavani, ambao kesho yake aliupaka rangi alfajiri kabla mkewe hajaamka.

Na mkewe alikuwa amelichomoa jiwe ndani ya keki kwa mkono wake, akaliweka dirishani, akamwachia alione kila anapoosha vyombo. Kumbe na vyombo alikuwa haoshi.

Merv aliona aibu. Kisha akapiga moyo konde, akaenda bandani.

Asubuhi ya Ijumaa wenzake walipofika kwenye benchi, walikuta karavani ya njano imesimama mbele ya duka, mahali pale pale pa wasafiri. Kioo cha nyuma cha gari kilikuwa kimezibwa na boksi la biskuti za mbwa, na uso wa mbwa uliochapwa juu yake ukitazama nje. Merv alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anaifunga ngozi ya kondoo kwenye pua ya karavani kwa kamba, manyoya nje, ili jiwe likigonga lichoke.

Kev alifurahi kama amepata pensheni mara mbili. "Merv! Gari lina homa?"

"Lina homa kali," alisema Merv.

"Ngozi ya greda hiyo, jamani!" Dutchy alitoa macho. "Sasa barabara yako imekukosea nini?"

Glenys alikuwa ametoka posta na funguo mkononi. Coralie alikuwa kando yake, ameikumbatia keki. Merv aliwaona wote wawili, na kama angetaka, angeweza kunong'ona. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Barabara haina kosa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta. "Wala hapakuwa na lori. Nilikuwa nakimbia. Jiwe lilitoka kwenye gurudumu langu mwenyewe, na keki niliivunja mimi."

"Halikuwepo kabisa?" aliuliza Dutchy kwa huzuni. "Hata lile tela la nne?"

Coralie akamshukuru Glenys, akaenda kuiweka keki nyuma ya gari la mumewe, chini ya kioo, akaingia akafunga mkanda.

Walikwenda kilomita sitini kwa saa, upepo wa tairi umepunguzwa ili mawe yasiruke sana. Wasafiri wa kadibodi waliwapita wakiwapungia mkono, na mmoja alipiga honi akauonyesha ule uso wa mbwa. Merv alijikaza, akapunga. Wilton Flat walifika wamechoka hoi, ngozi ya kondoo imejaa changarawe, keki ikiwa nzima, pembe zote nne.

Ikashika nafasi ya pili. Jaji alipata alama ya waya chini, ndogo kama ukope. Coralie alicheka mpaka Una Pfeiffer naye akacheka, wakabadilishana vipande, na Coralie akakiri kimoyomoyo kwamba keki ya Una ilikuwa kavu.

Jumapili walirudi. Barabara ilikuwa inang'aa kwa jua, hakuna gari mbele wala nyuma, na sindano ya mwendo imetulia pale pale kwenye sitini.

"Merv," alisema Coralie baada ya saa mbili, "keki imekwisha liwa. Unaweza kukanyaga kidogo."

"Wewe umo."

"Mwaka jana nilikuwemo pia," alisema Coralie.

"Mwaka jana nilikuwa mpumbavu," alisema Merv.

"Na mwaka juzi?"

"Kor, niache niendeshe."

Akamwacha aendeshe. Baada ya muda akaweka mkono wake juu ya goti la Merv, akausahau hapo mpaka kwenye lami.