Katana, mama yako anataka kukusikia

Siamini bado. Na kila nikianza kuamini, hasira zinanipanda, kwa hiyo nisameheni kama leo sina maneno matamu.

Katana ametutoka. Kwa msiomjua, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi yetu ya rock hapa Kisauni, na mchana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Bombolulu. Jumanne alianguka kazini. Presha. Hakufikishwa hospitali akiwa hai.

Jana mama yake aliniita nyumbani kwao Mjambere, akaniomba nimwekee nyimbo za mwanawe azisikie. Miaka yote tuliyopiga pamoja, hatuna hata wimbo mmoja tuliorekodi. Hata mmoja! Hiyo ndiyo hasira yangu.

Msinifuate inbox kuniuliza kwa nini. Nawaambia hapa hapa.

Tulianza tukiwa shule, watu watatu. Katana, mimi wa besi, na Mwinyi wa ngoma, mtoto wa Likoni. Rock tuliijulia kwenye kanda moja tu, kwenye redio ya betri ya kwa kina Katana, maana nyumba haikuwa na stima. Betri zikilegea tulizianika juani, zikipata nguvu kidogo tunaendelea.

Sasa betri ikiwa dhaifu, kanda hujikokota. Sisi hatukulijua hilo. Tukadhani rock ndivyo inavyoimbwa, polepole, kwa sauti nzito ya mzee aliyeshiba. Katana akalegeza nyuzi zote za gitaa mpaka zikalingana na redio ile.

Siku stima ilipoingia kwao, kanda ile ile ikaenda mbio, na mwimbaji kumbe ana sauti nyembamba. Mimi na Mwinyi tulicheka mpaka tukakaa chini. Katana hakucheka. Alisema stima imeiharibu.

Na nyuzi zile hakuzikaza tena maisha yake yote.

Kupiga rock Kisauni mnakujua lakini? Kuna harusi moja, wimbo wa kwanza haujafika kati, shangazi wa bibi harusi akaja kutuuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mmoja wetu anaumwa. Tukazimiwa spika, ikawekwa chakacha watu wacheze, na pilau tukapewa.

Mazoezi yenyewe nayo! Ramadhani ikiingia, Mwinyi hapigi. Kwaresima mama yake Katana hataki gitaa lisikike uani kwake. Mwaka ambao miezi hiyo ilifuatana tulikaa mpaka vidole vikalainika. Katana akawa anawaambia watu bendi iko leave.

Mnaoandika "legend" leo, nawaona. Wengine wenu ndio mliokuwa mkitupigia kelele tupige kitu cha kuchezeka. Haya, poleni na nyinyi.

Lakini mkaidi namba moja alikuwa yeye mwenyewe. Studio tulikwenda, tena si mara moja. Producer anawasha tuner, ile mashine ya kupimia nyuzi, anasema gitaa limelala, kaza nyuzi. Katana anamjibu kwa adabu zote kwamba nyuzi haziguswi, na kama mashine haikubali basi mashine ndiyo yenye kasoro. Kisha huyo, gitaa ndani ya gunia, safari ya nyumbani. Sound check, ile ya kujaribu vyombo tu, ndiyo ilikuwa shoo yetu.

Mara ya mwisho Mwinyi alishindwa kujizuia. Akamwambia, "Wallahi Katana, utakufa na nyimbo zako."

Katana akasema haraka ya nini, tutampata tu mtu mwenye masikio.

Kinachonikera zaidi ni kwamba alikuwa sawa. Alikuwa na wimbo aliotunga kuhusu Mwinyi kukwama kwenye feri ya Likoni siku ya posa yake. Ukikaza nyuzi, wimbo ule unakuwa tangazo la sabuni. Lakini akiupiga yeye kwa nyuzi zake zilizolegea na ile sauti ya chini kabisa, watu wazima walikuwa wakisogeza viti karibu, na Mwinyi mwenyewe anageuka upande wa pili. Tangu Jumatano najaribu kuuimba. Sauti yangu haifiki kule chini. Nimejaribu na kujaribu, nimekasirika, nimelia.

Basi jana, mama aliponiomba, nikapekua simu yangu na Mwinyi, niliyekwenda naye, akapekua yake. Tukapata kipande kimoja tu cha video, cha mazoezini. Gitaa linaanza, zuri ajabu, halafu Katana anaiona simu. Anausimamisha mkono.

"Zima hiyo, bwana. Hatujawa tayari."

Imekwisha. Hakuna zaidi.

Niliona haya kumwekea mama wa watu kitu kama kile. Anaomba nyimbo, nimpe mwanawe akigomba? Mwinyi akanikonyeza nimpe tu. Nikampa. Aliiweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa, akainamisha kichwa.

"Ni yeye," akasema. "Niwekee tena."

Nikamwekea tena. Na tena. Mwishowe, Katana aliposema hatujawa tayari, mama yake akamjibu taratibu, vile angemjibu akiwa mlangoni.

"Haya, baba."

Nikatoka nje, kwa sababu ningepiga ukuta.

Katana, tunakuzika Jumamosi. Nina hasira nawe na sijazimaliza. Ulikuwa tayari zamani sana, ndugu yangu, na sisi wawili tuliokuwa nyuma yako tulikuwa tukilisikia hilo kila siku. Mama yako amekwambia "Haya." Mimi bado sijakuitikia.

Lala salama hivyo hivyo, mkaidi wee.