Kanisa Lililoelekea Kibla

Kanisa letu la Kianglikana hapa Visiga limeelekezwa kaskazini, wakati desturi ni madhabahu kuwa mashariki. Tulipojiandaa kwa jubilei, katekista alipewa kazi ya kuandika historia ya jengo. Alikuja kwangu kwa sababu aliyelijenga ni mume wangu, na mume wangu tulimzika Kwaresima iliyopita.

Akanisomea: "Wazee waliamua kanisa litazame kaskazini ili waumini wapate upepo."

"Wazee gani hao, Mwalimu? Na upepo wenyewe uko wapi? Jumapili tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo."

"Mama, tunamsitiri marehemu."

"Unamsitiri nini? Alikosea, na kila harusi alikuwa akilisimulia kosa hilo mwenyewe."

Basi nikamweleza. Mume wangu alijifunza uashi kule Mzenga kwa fundi Mwislamu, na kabla ya hapa nyumba za ibada alizojenga zilikuwa misikiti tu. Siku ya kuchimba msingi alipigilia vigingi, akavuta kamba, akaelekeza ukuta wa mbele kibla, ambako kwetu ni kaskazini, kama mkono ulivyozoea. Sisi kina mama tulikuwa tunachota maji, wala hatukuangalia. Padre alikuja wiki ya pili, asubuhi, matofali yameshapanda kozi nne, mistari minne mizima. Akasimama kuomba akielekea mahali pa madhabahu, jua likampiga shavu la kulia.

"Fundi," akasema, "mbona umetujengea msikiti?"

Mume wangu akatazama jua, akatazama ukuta. "Padre, Mungu ni yuleyule. Saruji ndiyo imekwisha."

Katekista alicheka, kisha akaziba mdomo kwa daftari. "Hili haliwezi kusomwa mbele ya Askofu, mama."

"Basi usimtaje kabisa." Sauti ilinitoka vibaya. "Huyo wa upepo mimi simjui. Sikuishi naye."

Alitoa kalamu, akafuta ule mstari wa upepo.

Siku yenyewe nilikaa benchi la nyuma. Sikuogopa aibu, niliogopa watu wasije wakanyamaza kwa kunihurumia. Katekista alisoma taratibu, kama anavyosoma matangazo. Alipofika kwenye saruji kanisa zima liliangua kicheko, Askofu naye akashika kofia yake.

Mama niliyekaa naye akanigusa kwa kiwiko. "Mumeo huyo."

"Ndiye," nikasema.