Vanishi ya Baba na Miguu ya Bibi

Baba alikuwa tarishi katika afisi ya serikali Chake Chake, na huko ndiko alikoyapata maradhi ya vanishi. Aliona baraza ya mbao ya mkubwa wake Mwingereza inavyong'ara, naye akajenga yake, nje kidogo ya mji. Majirani walikaa kwenye baraza za udongo zisizodai kitu, lakini baba akishashika jambo haambiliki.

Haukupita muda, vanishi ikabambuka mbele ya mlango. Akapiga msasa, akapaka upya. Ikabambuka tena. Maganda yalitunasa nyayoni, tukayaingiza hadi kwenye mikeka ya kulalia. Baba akalaumu jua, akalaumu mvua, akamlaumu na mwenye duka kwamba aliizimua vanishi kwa mafuta ya taa. Mimi niliona kazi bure. Binti hakuulizwa habari za mbao.

Asubuhi moja baba alipiga magoti akatazama vizuri. Jua na mvua vilipiga ukingo wa nje, na huko vanishi ilikuwa nzima. Akainusa mbao ya mlangoni. Nazi! Hapo ndipo bibi, mama yake, alipokaa kila jioni kuisinga miguu yake mibovu kwa mafuta ya nazi. Mbao zilikuwa zimeyanywa, na vanishi haishiki juu ya mafuta.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" baba akasema kwa sauti, kwa furaha ya kugundua tu.

Bibi alikuwa nyuma ya pazia.

Jioni alitoka na kichupa chake, akashuka ngazi kwa taabu, akakaa mchangani.

"Mama, njoo ukae huku juu."

"Mie hapa pananitosha, mwanangu. Baraza yako nzuri."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma baba. Kesho yake bibi akashuka tena, na keshokutwa. Baba hakuigusa brashi, ingawa sasa hakuwa na kizuizi. Nilimwonea huruma, jambo ambalo halikuwa desturi yangu.

Ijumaa, baada ya sala, aliikwangua baraza nzima mpaka mbao zikabaki tupu. Kisha akachukua mafuta ya nazi ya jikoni, akazipaka zote, ukingo kwa ukingo.

"Utatuletea sisimizi," mama akalalamika, na kweli walikuja.

Baba akashuka mchangani, akamshika bibi mkono, akampandisha. Bibi akazitazama mbao.

"Umeiharibu yote."

"Naam, mama. Kaa."

Akakaa, akafungua kichupa.