Kocha wa Kuita "Fungua!"

Watoto wa bwawani wanamwita kocha wao wa kuruka majini Vidole, maana kutwa anawafokea wanyooshe vidole vya miguu. Mimi ni mlinzi wa waogeleaji hapo, na kazi yangu kubwa ni kukaa kwenye kiti kirefu nikimtazama kocha huyu akichoka. Anafika asubuhi magoti yakimuuma, anavua kandambili, anaanza yale yale ya jana. Wanaoanza wapige goti ukingoni, mikono juu, kidevu kifuani, waangukie maji kwa mikono. Atakayetanguliza tumbo hagombezwi. Maji yenyewe yanamtia adabu.

Wakiweza hapo wanapanda ubao, ule unaonesa na kumrusha mtu. Jukwaa ni la mwisho kabisa. Jukwaa ni zege tupu, halikusaidii chochote. Anayeruka kutoka la juu ni mmoja tu, binti wa kaka yake Vidole. Anajikunja magoti kifuani, anabingirika hewani mara moja na nusu, na wakati huo hajui juu wala chini. Kwa hiyo shangazi yake humwitia, "Fungua!" Akisikia anajinyoosha, anaingia kwa mikono, maji hayaruki hata ya kulowesha unyayo. Neno likichelewa ataangukia mgongo, na kutoka kule juu maji ni sakafu.

Sasa jicho la kulia la Vidole limeingia ukungu, na la kushoto linamfuata mwenzake. Aliniambia mimi peke yangu, tukinywa chai chumba cha pampu.

"Namwona akisimama. Akishajikunja naona kivuli tu. Naita kwa kukisia."

"Mwambie!"

"Nikimwambia atashuka asipande tena, na mashindano ni Jumamosi. Nikinyamaza nitamvunja mgongo. Nimechoka, kaka. Hata kuamua kumenishinda."

Nilimkasirikia, sifichi. Nikamwambia asiposema leo, napuliza filimbi na kulifunga jukwaa.

Mchana binti alipanda, akasimama ukingoni mwa zege, mikono juu. Vidole akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Shuka, mwanangu. Shuka kwa ngazi. Sikuoni."

Binti hakushuka. Alichuchumaa kule juu akachungulia.

"Najua, Shangazi."

"Unajua nini?"

"Kwamba huoni. Siku hizi unaita nikiwa nimeshafungua. Juzi uliita nikiwa nimeshazama. Najihesabia mwenyewe saa ya kufungua."

Nilibana kicheko. Vidole hakucheka. Alikaa pale pale kwenye vigae vilivyolowa.

"Sasa mimi nasimama hapa kufanya nini?"



"Kuniita," binti akasema. "Nikiwa peke yangu huku miguu inagoma. Nikijua utaita, naruka."

Vidole hakuinuka. Alifuta uso kwa kanga ya begani, akapunga mkono kumruhusu. Binti akasimama, akanyoosha mikono, akaruka.

"Fungua!" Vidole aliita, amefumba macho yote mawili. Alichelewa sana. Maji yalikuwa yameshamfunika binti na kutulia.

Kocha akanigeuzia uso, machozi yanamtoka.

"Vidole vilinyooka?"

"Vilinyooka," nikamwambia, na ni kweli vilinyooka.